Vunjajungu Kwenye Shela

Kifuko cha mayai kilikuja nyumbani kwangu kwenye tawi la waridi. Ninauza maua Makandana, karibu na hospitali, na kazi yangu kubwa asubuhi ni kupunguza matawi yaliyokauka kabla wateja hawajaanza kupita. Siku hiyo niliona kwenye tawi moja kitu kama povu la sabuni lililokaukia hapo, rangi ya udongo. Nilikitazama, nikakiweka dirishani jikoni badala ya kukitupa. Sijui kwa nini. Labda ni kwa sababu nyumba ilikuwa imenyamaza mno.

Binti niliyemlea alikuwa amehamia Mbeya kwa kazi. Ni mtoto wa kaka yangu. Wazazi wake walifariki kabla hajaanza shule, na mimi shangazi yake nikamchukua. Sikuwahi kuolewa. Tulikuwa wawili tu kwa miaka yote ile, tukigombana kuhusu kuosha vyombo na kupatana kabla ya chai. Alipoondoka nikawa napika chakula cha watu wawili na kukitazama.

Wiki kadhaa baadaye nilikuta dirisha limejaa sisimizi weusi wananing'inia kwenye nyuzi. Nilikuwa nimeshabandika maji ya moto niwamwagie. Nilipoinama karibu, mmoja akainua miguu yake ya mbele na kuikunja kifuani, akageuza kichwa na kunitazama. Sisimizi hageuzi kichwa. Walikuwa watoto wa vunjajungu.

Tukiwa wadogo tuliambiwa ukimshika vunjajungu utavunja chungu, na kwa mama yetu chungu kilikuwa kitu cha thamani, kwa hiyo tulimpita mdudu huyo kwa mbali tukiwa tumeficha mikono. Sasa nilikuwa mwanamke mzima, natumia sufuria. Nikakata chupa za maji, nikazifunika vipande vya chandarua, nikaanza kufuga.

Chakula hakikunisumbua. Ukiacha ndizi mbivu kwenye kona ya jiko huku kwetu, kesho yake una vijidudu vya kutosha ukoo mzima. Kilichonisumbua ni kwamba walikuwa wakilana. Niliwatenga, na bado wakapungua. Wengine walikufa wakati wa kujivua ngozi, kwa sababu vunjajungu akitaka kujivua huacha kula, hujining'iniza kichwa chini, na akitikiswa wakati huo huanguka na kupinda miguu. Nilianza kutembea jikoni kwa kunyata kama mtu aliyelaza mtoto mchanga.

Wale waliobaki walipovua ule weusi, sikuamini ni wadudu walewale. Walikuwa weupe wenye michirizi ya kijani na waridi hafifu, na tumbo wamelikunja juu ya mgongo kama petali iliyoanza kunyauka. Ukimweka juu ya ua unampoteza papo hapo. Kila asubuhi nilikuta chupa tupu na moyo ukanilipuka, kumbe yuko mbele ya macho yangu. Akiona unamtazama anazunguka taratibu upande wa pili wa kijiti. Akiona hilo halitoshi, ananyoosha miguu ya mbele mbele yake na kubana mwili, anakuwa kipande cha kijiti. Nikajifunza kumpulizia. Ukimpulizia polepole anayumba, kulia, kushoto, kulia, kama jani linalopigwa na upepo, na hapo ndipo unajua yuko hai na yuko wapi. Lakini akiogopa kweli hayumbi. Anatulia kabisa. Hapo unaweza kupuliza mpaka kizunguzungu kikushike.

Mwishowe alibaki mmoja tu. Ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote, na nilimwogopea kuliko wote.

Ndipo binti yangu akarudi nyumbani kuolewa.

Kijana alikuwa mtu wa Masukulu, fundi umeme, mpole, anasalimia kwa mikono miwili. Sikuwa na neno naye. Mama yake ndiye aliyeninyima usingizi. Mama huyo ni mkulima wa chai, amezoea kupiga magoti shambani na kanisani tu, na wakati wa posa aliongea maneno machache sana. Baadaye nikaletewa maneno. Jirani mmoja aliniambia, akiwa na huruma ile ya watu wanaofurahia kukuletea habari, kwamba mama yule aliuliza, "Msichana aliyelelewa na mwanamke asiye na mume, ataijulia wapi ndoa?" Nilicheka mbele ya jirani. Alipoondoka nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, maua mapajani, nikashindwa kufunga hata shada moja.

Tangu siku hiyo niliishi kama mtu anayetembea na maziwa kwenye sahani. Chochote kitakachoharibika kwenye harusi ile, nilijua kitasemwa kimetoka kwangu.

Binti yangu aliingia jikoni na begi lake, akaona chupa.

"Shangazi, hicho nini?"

"Mdudu tu."

"Mdudu tu!" Akarudi nyuma mpaka mlangoni. "Shangazi, mimi na wadudu unajua. Huyo atoke. Nakuomba."

Nilijua. Alipokuwa mdogo siafu waliingia ndani tukiwa tumelala, wakamkuta kitandani kabla yangu. Nilimtoa nje nikiwa nawachomoa nyweleni mwake mmoja mmoja, na mpaka leo mende akipita yeye hupanda kwenye kiti. Kwa hiyo nilimhamisha vunjajungu kwenye kibanda cha maua nyuma ya nyumba, nikamtundikia chandarua kikubwa zaidi, maana alikuwa ameacha kula na nilijua yuko karibu kujivua.

Asubuhi ya harusi nilikwenda kibandani kuchukua shada la bibi harusi, nililolifunga mwenyewe jana yake: waridi nyeupe, yungiyungi, na majani kidogo. Nikakumbuka kumnyunyizia maji. Nikafungua fundo la chandarua, simu ikaita, wapishi wakitaka kujua turubai lifungwe wapi. Nikatoka kuongea nao. Niliporudi, fundo lilikuwa wazi na ndani hamna mtu.

Nilitazama kwenye chandarua, kwenye paa, kwenye ndoo za maua. Kibanda kizima kilikuwa kimejaa maua meupe ya harusi. Nikaanza kupuliza. Nilipiga magoti na gauni langu la sherehe, nikapuliza kila ndoo, kila waridi, nikisubiri kitu kiyumbe. Hakuna kilichoyumba. Wasichana wa saluni walikuwa wanapiga honi nje, shada linatakiwa. Nikalipuliza pia, upande huu na upande ule. Kimya. Nikalitoa.

Gari lilipoishia kwenye kona ndipo nikajiambia: huyu mdudu anakaa kwenye nini? Kwenye maua. Na ua lililokuwa karibu kabisa na chandarua ni lipi?

Nikampigia mpambe. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Nikamwandikia ujumbe, nikaufuta, maana ningeandika nini? Kwamba kagua shada kwa siri, usimwambie bibi harusi, na ukiona petali inakutazama usipige kelele?

Kanisani nilikaa benchi la mbele, upande wetu. Ng'ambo ya njia alikaa mama wa kijana, mgongo wima, kitenge kipya kimekaza mabega. Tulisalimiana kwa kichwa. Binti yangu aliingia akiwa ameshika mkono wa mjomba wake, na watu wote walitazama uso wake. Mimi nilitazama shada. Nilimwona akipita, mzuri kupita kiasi, na bado macho yangu yalikuwa yanahesabu petali.

Sikuona kitu. Nikaanza kupumua.

Walipofika mbele, mchungaji akasema tuimbe kabla ya kiapo. Binti yangu akampa mpambe lile shada. Na hapo kwenye shela, juu kidogo ya kiwiko, nikaona waridi dogo likipanda.

Lilipanda hatua moja, likasimama, likayumba. Hatua moja, likayumba. Weupe juu ya weupe. Asiyejua angedhani ni urembo ulioshonwa vibaya na unachezacheza kwa mdundo wa kwaya. Mimi nilijua. Nilijua anapanda juu kwa sababu wao daima hupanda juu, na juu ya bega kuna shingo, na shingoni hapakuwa na shela. Nilijua akimgusa ngozi, binti yangu atapiga yowe mbele ya mchungaji, na atajipiga kibao, na mdudu atakufa shingoni mwake, na mama wa Masukulu atakuwa amepata jibu la swali lake. Nilitaka kusimama. Nilibaki nimeshika benchi. Nilifungua mdomo kuimba na sikukumbuka neno hata moja.

Vunjajungu akafika begani. Akakunja tumbo lake mgongoni, akatulia.

Nikageuka, sijui nikitafuta msaada kwa nani, na nikamwona mama wa kijana ameinama mbele kwenye benchi lake. Naye alikuwa anatazama bega. Alikuwa ameona. Mtu anayechuma chai kutwa nzima haoni jani kama sisi tunavyoona.

Kabla sijafikiri, alisimama. Alitembea mbele polepole, kitenge kikiburuza, kama mama anayekwenda kumtengenezea mkwe wake shela. Akaweka mkono begani mwa binti yangu. Binti yangu akageuka kidogo, akamtabasamulia. Mama akatengeneza shela, kweli akalivuta vizuri, kisha akafumba kiganja na kutoka kwa mlango wa pembeni. Kwaya ilikuwa kwenye ubeti wa pili.

Nilimfuata. Nilijua atampiga chini ya kiatu.

Nje kulikuwa na ukungu, na mashamba ya chai yalionekana safu za mwanzo tu. Nilimkuta amesimama kando ya uzio wa majani wa kanisa, kiganja amekifungua mbele ya tumbo lake. Vunjajungu alikuwa amelala ubavu, miguu imekunjwa kifuani, tumbo limelegea.

"Nimemuua," alisema. Sauti yake haikuwa ile ya posa. "Mkwe, nimemuua. Siku ya halusi ya mwanangu."

Nikatazama. Sikuwahi kumwona hivyo. Alikuwa mwepesi kama ganda, ameegemea mstari wa kiganja chake.

"Ulimbana?"

"Sikumbana. Nilimfunika tu. Huyu hauawi, mkwe. Mama yangu angenichapa, hata leo." Akameza mate. "Ee Kyala, Mungu wangu. Siku hii."

Nikainama nikampulizia. Hakuyumba. Nikapuliza tena, na mama naye akapuliza, tukawa tunapuliza kwenye kiganja kimoja, vichwa vimegusana, vilemba vyetu vimesukumana. Harufu ya losheni yake ilikuwa ileile ninayotumia mimi. Hakuna kitu.

"Ni wangu," nilisema. "Nilikuwa namfuga."

Alinitazama. "Unamfuga huyu?"

"Tangu akiwa kama sisimizi."

Nilidhani atacheka, au ataniuliza nina akili gani. Alisema, "Basi pole," kama vile amekuja msibani.

Ndani waliacha kuimba. Nilisikia sauti ya mchungaji lakini si maneno. Nilitakiwa kurudi. Yeye pia alitakiwa kurudi. Lakini hakuna aliyesogea. Yeye alishika kile kiganja kama amebeba kaa la moto, na mimi nikaona nikiondoka nitakuwa nimemwachia peke yake jambo ambalo ni langu. Na kwa kuwa tayari nilikuwa na hofu kubwa kiasi kile, ile nyingine ikatoka yenyewe.

"Niliambiwa ulisema maneno," nilisema. "Kuhusu msichana aliyelelewa na mwanamke asiye na mume."

Hakukana. "Nilisema."

Ukungu ulipita katikati yetu.

"Huyu kijana wangu," akasema, "baba yake aliondoka kwenda kutafuta kazi Chunya, sikumwona tena. Mtoto akiwa bado mgongoni. Nimemlea peke yangu, mkwe. Kwa hiyo nikasema, huyu hajawahi kuona mume akikaa nyumbani, na yule naye hajawahi kuona. Nani atamwambia mwenzake mume anakaaje? Hilo ndilo nililosema. Waliokuletea walikata nusu."

Kwa miezi nilikuwa nimepanga majibu ya kila namna, makali na ya heshima, nayo yote yalikuwa ya lile neno la kwanza. Hili la pili lilikuwa ni wasiwasi wangu mwenyewe, ule ambao sikuwahi kumwambia mtu, ukisemwa na mwanamke mwingine.

"Mimi pia naogopa," nilisema.

"Ndiyo," alisema. "Nilikuona kwenye benchi. Ulikuwa unatetemeka."

"Nilikuwa namtazama mdudu."

"Hata kabla ya mdudu."

Ndipo mguu mmoja wa nyuma ukanyooka. Polepole sana. Kisha mwingine. Vunjajungu akajigeuza kwenye kiganja, akasimama, akalipanga tumbo lake mgongoni kama mtu anayerekebisha mzigo, na akayumba. Kulia, kushoto. Hakuwa amekufa. Alikuwa amejifanya tu, kwa sababu lile giza la kiganja lilimtisha kuliko kitu chochote alichowahi kukutana nacho kwangu.

Mama wa kijana alitoa sauti, nusu kicheko nusu kilio. "Mwongo huyu! Mwongo mkubwa!" Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na mdudu na mwingine ulikuwa umenishika mimi.

Tulikuwa hivyo, tumeshikana, wakati vigelegele vilipolipuka ndani ya kanisa.

Tukatazamana.

"Wameapa?" aliuliza.

"Wameshaapa."

Hakuna hata mmoja wetu aliyesikia. Mama aliyemzaa bwana harusi na mama aliyemlea bibi harusi, wote wawili nje ya ukuta. Akamweka vunjajungu kwenye uzio wa majani, mahali penye vijiua vyeupe, akaninong'oneza, "Kimbia, mkwe," tukakimbia, wanawake wawili wazima wenye viatu vya sherehe, tukaingia kwa mlango wa pembeni wakati watu wamesimama na kupiga makofi. Tulijipenyeza kwenye mabenchi yetu. Nadhani wengi hawakuona. Binti yangu aliona.

Hakusema kitu mpaka jioni, ukumbini, wakati wa kupiga picha. Alinivuta pembeni na gauni lake kubwa.

"Shangazi, wakati wa kiapo niligeuka. Hukuwepo."

Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali. Alikuwa na uso ule wa mtoto niliyemkuta kwenye ngazi siku ya msiba wa wazazi wake. Nilianza kusema nilitoka kidogo, nilijisikia vibaya, na maneno yote yalikuwa membamba. Mama wa kijana alikuja nyuma yangu akatia mkono wake kwenye kiwiko changu.

"Alikuwa na mimi," alisema. "Tulikuwa na jambo letu la kina mama. Si la kuuliza leo."

Binti yangu alimtazama, akanitazama, akaona tulivyoshikana. Sijui alifikiri nini. Akatuvuta wote wawili kwenye picha.

Kesho yake asubuhi nilirudi kanisani nikatafuta kwenye uzio wa majani, kila kijiua, nikipuliza. Sikumwona. Huenda ndege alimwona kabla yangu. Huenda alikuwa pale pale mbele ya pua yangu amejinyoosha kama kijiti. Kwa wale wadudu huwezi kujua. Nilirudi nyumbani nikakunja chandarua, na kwa siku kadhaa niliendelea kunyata jikoni bila sababu.

Nilimsimulia binti yangu kwenye simu alipokuwa ameshatulia kwake.

"Alikuwa wapi hasa?"

"Begani."

"Bega langu?" Nikasikia simu ikianguka, na yeye akijikung'uta na kumwita mumewe amtazame mgongoni, wiki tatu baada ya harusi. Aliporudi kwenye simu alikuwa anacheka mpaka hawezi kuongea, na mimi nikakaa chini nikacheka naye.

Mama wa Masukulu na mimi tulikuwa na deni la kile tulichokosa kusikia. Video ilipotoka, mwanawe aliipeleka kwake, naye akanipigia simu: "Njoo. Sijaiwasha. Nakusubili." Nikaenda Jumapili baada ya ibada. Alinipa maziwa ya mgando na ndizi za kuchemsha, akafunga mlango ili watoto wa jirani wasiingie kwanza, na tukakaa kwenye kochi moja mbele ya televisheni ndogo.

Tulipita kwaya. Tulimwona yeye mwenyewe akisimama na kutengeneza shela, na hata tukijua, hatukuona mdudu. Nikajiona nikitoka nyuma yake nimeshika kilemba. Kisha mchungaji akafungua kitabu.

Sauti ya kijana ilitetemeka. Mama yake alinishika mkono akasema, "Msikie, msikie," kama vile sikuwa nasikia. Ikaja zamu ya binti yangu. Kabla hajaanza aligeuka, kidogo sana, kutazama benchi la mbele. Mpiga picha hakumfuata, kwa hiyo hatukuona anachokiona, ila uso wake tu, ukitafuta.

Kisha akarudi kumtazama yule kijana, akashika mikono yake vizuri zaidi, na akasema maneno yote mpaka mwisho, kwa sauti ambayo haikutetemeka hata kidogo.

"Rudisha nyuma," mama wa Masukulu alisema. "Tusikie tena."